Hati ya Saragossa: je, filamu ya saa tatu bado inastahili kutazamwa?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha sekondari wilayani Kongwa ameniandikia swali ambalo nimelikawiza kwa wiki mbili, kwa sababu sikutaka kulijibu kabla sijaitazama tena filamu yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anaeleza kwamba rafiki yake alimpa nakala ya filamu ya Poland ya mwaka 1965 iitwayo Hati Iliyopatikana Saragossa, iliyoongozwa na Wojciech Has, na akamwambia kwamba ni kazi isiyo na mfano. "Niliivumilia kwa muda wa saa mbili na nusu kasoro dakika chache," anaandika, "nikasinzia mara mbili, na ilipokwisha sikuweza kumweleza mtu ni nani aliyekuwa akimsimulia nani. Shikamoo Mwalimu, na unisamehe kwa kuuliza waziwazi: filamu hii ndefu ya kindoto bado ina thamani leo, au inasifiwa kwa mazoea na watu wanaoogopa kuonekana hawakuielewa?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu, wala huna la kusamehewa. Sifa za mazoea zimeharibu filamu nyingi nzuri, maana mtu akilazimishwa kusifu hutazama kwa woga, na anayetazama kwa woga haoni. Jibu langu ni kwamba filamu hii bado ina thamani, tena kubwa kuliko nilivyodhani nilipoitazama mara ya kwanza nikiwa kijana. Lakini kabla sijaitetea nina jambo la kukuambia ambalo pengine litakushangaza: kwa muda ulioutaja, ninaamini kwamba hujaiona.

Hati ya Saragossa kamili, kama ilivyoonyeshwa kwao Poland, ina dakika 182, yaani saa tatu na dakika mbili. Ilipopelekwa Marekani ilikatwa ikabaki dakika 147, na Uingereza ikakatwa zaidi, ikabaki dakika 125. Saa mbili na nusu kasoro dakika chache ndizo hizo dakika 147. Nakala zilizokatwa zilizunguka duniani kwa miaka mingi, na inaelekea rafiki yako alikupa mojawapo bila yeye mwenyewe kujua. Kwa hiyo filamu iliyokuchosha kwa urefu ilikuwa tayari imepunguzwa dakika 35, na mimi nadhani kupunguzwa huko ndiko kulikokuchosha. Sisi wa Dodoma tunajua kupogoa. Mzabibu usipopogolewa hauzai vizuri, lakini anayepogoa lazima ajue zabibu zitatokea kwenye chipukizi gani, la sivyo atauacha mti ukiwa safi na mtupu msimu mzima. Waliokata filamu hii waliona matawi mengi yaliyosokotana wakadhani kila tawi linajitegemea, kumbe zao la tawi la mwisho lilianzia kwenye tawi la kwanza.

Nieleze kisa chenyewe, kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine watakaosoma jibu hili. Wakati wa vita vya Napoleon, katika mji wa Saragossa nchini Hispania, afisa mmoja anaingia kwenye nyumba ya wageni iliyohamwa na kukuta juu ya meza kitabu kikubwa chenye michoro: watu wawili walionyongwa, wanawake wawili kitandani. Afisa wa upande wa adui anaingia ili amkamate, anatupia jicho kitabu kile, na anagundua kwamba kinamhusu babu yake mwenyewe. Hapo ukamataji unasahauliwa. Adui anaketi na kumsomea adui mwenzake, akimtafsiria, ilhali mapigano yanaendelea nje. Babu huyo ni Alfonse van Worden, kapteni katika kikosi cha walinzi wa mfalme wa Hispania, aliyetaka kwenda Madrid kwa njia ya mkato kupitia milima ya Sierra Morena, ingawa watumishi wake walimwonya kwamba njia ile ina mashetani. Analala kwenye nyumba ya wageni iliyo ukiwa, na usiku wa manane anaitwa kwenye chumba cha chini ambako mabinti wawili wa Kiislamu, Emina na Zibelda, wanamwambia kwamba wao ni binamu zake wa ukoo wa Gomelez na kwamba wako tayari kuolewa naye wote wawili. Wanampa kinywaji katika kikombe kilichotengenezwa kwa fuvu la kichwa cha mtu. Anakunywa. Anapoamka ni asubuhi, jua linamchoma, naye amelala juu ya mawe chini ya mti wa kunyongea, kando ya majambazi wawili, ndugu wa tumbo moja, walionyongwa.

Kuanzia hapo kila anayekutana naye ana hadithi ya kumsimulia: mtu mwenye jicho moja aliyepagawa na pepo, mtawa aishiye peke yake, mjuzi wa elimu za siri, mwanahisabati, na katika sehemu ya pili, kwenye kasri la yule mjuzi, kiongozi wa Wajipsi aitwaye Avadoro. Ndani ya simulizi la Avadoro yumo kijana mfanyabiashara, Lopez Soarez, anayesimulia mapenzi yake. Ndani ya simulizi la Soarez yumo Busqueros, mpenda umbeya asiyebanduka, naye ana lake la kusimulia. Na ndani ya simulizi la Busqueros yumo mwanamke aitwaye Frasquetta anayesimulia mambo ya ndoa yake. Ukihesabu kuanzia kwa van Worden aliye kitabuni, umeteremka ngazi tano, na juu ya zote wako wale maafisa wawili mezani pale Saragossa. Kwa hiyo kushindwa kwako kusema nani alikuwa akimsimulia nani hakukutokana na udhaifu wako. Mwongozaji alikusudia tupotee mahali hapo, kisha akatuwekea njia ya kurudi, na njia hiyo ndiyo iliyoharibiwa na mkasi.

Nakuomba uutazame mfano mmoja kwa karibu, maana ndio ulionifanya mimi niipende filamu hii. Yumo mheshimiwa mmoja, Toledo, mpenda starehe na wanawake, aliyeagana na rafiki yake kwamba atakayetangulia kufa atarudi kumweleza mwenzake habari za toharani. Rafiki anafariki katika pambano la panga. Usiku Toledo anasikia sauti dirishani, na kwa kuamini kwamba ni ya marehemu, anatetemeka na kuamua kuyaacha ya dunia na kutubu. Wewe mtazamaji ukiwa ndani ya chumba pamoja naye huna sababu ya kutoamini, kwa sababu filamu imekwisha kukuonyesha waliopagawa, wanyongwa wanaoamka na mabinti wanaotoweka. Sauti moja ya mzimu si kitu. Muda mrefu baadaye, katika simulizi la mtu mwingine kabisa, unaurudia usiku uleule, lakini sasa upo nje ya dirisha, na unagundua kwamba sauti ile ilitoka kwa mtu aliye hai, aliyekuja kwa shida zake za mapenzi na kukosea dirisha. Hakuna anayekueleza. Hakuna mhusika anayegeuka na kusema, "Kumbe!" Unaligundua wewe mwenyewe kwenye kiti chako, na furaha ya kuligundua ni ileile anayoipata mtoto anapokitegua kitendawili kabla ya bibi kupewa mji.

Sasa fikiria mtu ameikata nusu moja ya jambo hilo. Akiacha chumba na kuondoa dirisha, umebaki na kisa cha mzimu cha kawaida. Akiacha dirisha na kuondoa chumba, umebaki na mtu anayehangaika gizani bila sababu ya wewe kumjali. Filamu hii imejaa jozi za namna hiyo, kubwa na ndogo, na umbali kati ya nusu moja na nyingine mara nyingi ni zaidi ya saa nzima. Umbali huo unahitajika, kwa sababu lazima usahau kidogo ndipo ukumbuke. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ingekuwa filamu bora kama ingefupishwa. Kama ni kupunguza, mimi ningepunguza sehemu ya kwanza, ambamo mazungumzo kati ya van Worden na yule mtawa yanajirudia bila kuongeza kitu. Lakini sehemu ya pili nisingeigusa hata fremu moja.

Urefu wenyewe, tukisema kweli, si mgeni kwetu. Rika langu lilikulia kwenye picha za Kihindi. Sholay ya mwaka 1975 ina zaidi ya saa tatu, na sikumbuki mtu yeyote aliyetoka kabla ya mapumziko. Leo hii jirani zangu wanafuatilia tamthilia za Kituruki kwa miezi, sehemu baada ya sehemu, na hakuna anayezilalamikia kwamba ni ndefu. Tunachoka pale tunapoona kwamba saa zinakwenda na sisi hatujaongezewa kitu. Isitoshe, kusimulia ndani ya kusimulia ni jambo tulilolizoea kabla ya sinema. Waliosoma Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili wanaujua utaratibu huo, jinsi mvuvi anavyoanza kisa na ndani yake akazuka waziri mwenye kisa chake, na mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii aliujua vilevile. Alikuwa Jan Potocki, mwana wa ukoo wa kitajiri wa Poland aliyezaliwa mwaka 1761 na kufariki mwaka 1815, msafiri aliyefika Uturuki, Misri na Moroko katika zama ambazo wenzake wengi hawakuvuka mipaka ya Ulaya, na aliyeandika riwaya yake kwa Kifaransa. Sehemu za mwanzo zilichapishwa St. Petersburg mwaka 1805, na baada ya kifo chake kitabu kilibaki vipande vipande kwa muda mrefu, kikisomwa kwa ukamilifu zaidi kwa tafsiri ya Kipolandi ya mwaka 1847 kuliko kwa lugha kilichoandikiwa. Hati iliyookotwa ndani ya riwaya ilikuja kufanana na hati ya riwaya yenyewe.

Umeiita filamu ya kindoto, nami nakubali neno hilo, ila ningependa uone jinsi ndoto hiyo ilivyojengwa. Filamu nyingi zinazotaka kufanana na ndoto hutia ukungu, hupindisha picha, hutufahamisha kwa kila njia kwamba sasa tunaota. Has hafanyi hivyo. Mpiga picha wake, Mieczysław Jahoda, ameipiga yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwenye fremu pana sana, na kila kitu kinaonekana wazi kama mchana wa Septemba hapa kwetu, pale jiwe la mbali linapoonekana kwa ukali uleule wa jiwe lililo miguuni. Mbele ya picha utaona fuvu la mnyama, mfupa, tawi kavu. Katikati, mtu juu ya farasi. Nyuma kabisa, mti wa kunyongea ukiwa mdogo kama kijiti. Kamera inatembea polepole kati ya vitu hivyo bila kukatiza, na kwa kuwa hakuna kilichofichwa, unauamini uwongo wote. Van Worden anapoamka kwa mara ya pili mahali palepale chini ya wanyongwa walewale, hakuna mlio wa kutisha wa kukuambia uogope. Kuna jua, nzi na mawe. Ni hofu ya mtu aliyetembea kutwa nzima akajikuta ameurudia mbuyu alioanzia.

Mawe hayo nayo yana habari yake. Si ya Hispania. Filamu ilipigwa Poland kwenyewe, kwenye nyanda za juu za mawe ya chokaa kati ya miji ya Kraków na Częstochowa, na mandhari ya mijini yalijengwa Wrocław. Mimi kila nikiyatazama nafikiria barabara ya kwenda Kondoa na vilima vya mawe vilivyotapakaa pembeni mwake kama vilivyomwagwa, ingawa mawe yetu ni ya aina nyingine. Huenda ndiyo sababu nchi ile ya kubuni haikunikataa.

Muziki ni wa Krzysztof Penderecki, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa Ulaya. Ameugawa kwa namna mbili: penye adabu, majumba na mahaba, anatunga kama watunzi wa karne ya 18, penye milima na wanyongwa, anaingiza sauti za kielektroniki zisizo na wimbo, kama upepo unaopita kwenye chupa. Ukisinzia, sikiliza tu. Utajua uko mahali gani.

Na yupo Zbigniew Cybulski, aliyeigiza van Worden. Kwao Poland alikuwa sura ya kizazi kizima, kijana wa miwani meusi katika filamu ya vita ya mwaka 1958 iliyompa jina. Hapa Has amemvua ile miwani na kumvika kofia kubwa na fahari nyingi, akamfanya mwanajeshi mnene kidogo anayejiona shujaa huku kila mtu akimzungusha. Sisi tumezoea stelingi anayejua anakokwenda. Huyu hajui lolote, anashangaa vizuri kuliko mwigizaji yeyote ninayemkumbuka, na kila mara anapotajiwa heshima ya ukoo anasimama wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Cybulski alifariki Januari 1967 akiwa na umri wa miaka 39, alipoanguka akijaribu kudandia treni iliyokuwa ikiondoka katika stesheni ya Wrocław. Ninapomwona anacheka katika filamu hii siwezi kuacha kuhesabu kwamba alikuwa amebakiwa na muda mfupi sana.

Umeniuliza kwa uaminifu, nami sitakuficha yaliyochakaa. Emina na Zibelda ni wanawake wa Kiislamu waliofikiriwa na mwanamume wa Ulaya aliyetamani Mashariki: wamefunikwa hariri, wanazungumza kwa kunong'ona, wako tayari kwa mgeni waliyemjua kwa nusu saa, na wameigizwa na waigizaji wa Poland. Mtazamaji wa hapa, ambaye mama yake, jirani yake au yeye mwenyewe huvaa ushungi kila siku bila kuwa fumbo la mtu yeyote, ataliona hilo mara moja, na ana haki ya kukasirika. Najua wapo wanaojibu kwamba mwishoni ukoo wa Gomelez ndio unaobainika kuwa ulipanga mambo yote, kwamba shehe wao ndiye aliyekuwa akimjaribu van Worden, na kwamba mjinga wa kisa ni yule Mzungu mwenye upanga. Ni kweli, na inapunguza uzito wa kosa. Haiondoi. Wale mabinti hawapewi hadithi ya kusimulia kwa urefu kama wanavyopewa wanaume, na katika filamu ambamo kusimulia ndiko kuwa mtu, kunyimwa simulizi ni jambo zito. Frasquetta peke yake ndiye mwanamke anayeshika usukani wa kisa chake, na tazama jinsi filamu inavyochangamka anapoanza kusema. Natamani wangekuwapo Frasquetta watatu.

Kuhusu hao wanaoisifu, si wote wanaofuata mkumbo. Luis Buñuel, mwongozaji wa Hispania ambaye hakuna aliyeijua sinema ya kindoto kuliko yeye, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliitazama mara tatu, naye hakuwa na tabia ya kurudia filamu. Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead, aliiona San Francisco katika miaka ya 1960, na hakuisahau. Miaka ya 1990 alitoa fedha zake ili ipatikane nakala kamili ihifadhiwe kwenye hifadhi ya filamu ya Berkeley, California. Alifariki mwaka 1995 kabla kazi haijakamilika, na waongozaji Martin Scorsese na Francis Ford Coppola wakasaidia kuimalizia. Bila watu hao, nakala ya dakika 182 isingekuwa rahisi kupatikana nje ya Poland, na mimi nisingekuwa na la kukujibu. Filamu yenye wafuasi wachache hudumu hivyo: mtu mmoja anaipenda kiasi cha kuitolea mfukoni, kisha mwingine anaipokea.

Hivi karibuni, kwa sababu ya barua yako, niliionyesha nyumbani kwangu Ipagala. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta, tukaanza saa kumi na mbili jioni tukiwa watu tisa, miongoni mwao mzee mmoja wa Mvumi aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi na binti yake anayesoma chuo hapa mjini. Niliamua kufanya kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda umiza, wa aina ya Lufufu, ambao sauti zao wengi tunazikumbuka kuliko za waigizaji: nilikaa pembeni na kuyasoma kwa Kiswahili maandishi ya tafsiri yaliyokuwa chini ya picha, kwa sababu nilijua kwamba mtu anayesoma lugha ya tatu kwa haraka hana nafasi ya kutazama. Katika nusu saa ya kwanza kulikuwa na minong'ono. Van Worden alipoamka mara ya pili chini ya mti wa kunyongea, yule mzee alisema kwa sauti, "Wamemrudisha tena!" na kuanzia hapo hakunyamaza, alikuwa akiwajibu wahusika kama anavyojibu mtu aliye kwenye hadithi ya jioni. Sehemu ya kwanza ilipokwisha tuliwasha taa, tukala ugali wa uwele kwa mlenda, na tukapumzika dakika 40 nzima. Ilikuwa wakati wa kula ndipo yule binti alipochukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza nyuma, akaandika majina na kuyaunganisha kwa mistari, kila mmoja akisahihisha. Mzee akatazama mchoro ule, akasema kwamba mama yake mzaa mama, kule Mvumi, alikuwa akisimulia hivyohivyo, hamalizi kisa cha sungura kabla hajazaa cha fisi, na watoto walikuwa wakilala wasijue mwisho, ili kesho warudi.

Katika sehemu ya pili mtu mmoja aliaga kwa sababu alikuwa na safari ya alfajiri. Wanane tuliobaki tulifika mwisho, na Busqueros alipotokea dirishani mahali asipotakiwa kwa mara ya tatu, chumba kizima kilicheka kabla hajafungua mdomo. Lile dirisha la Toledo waliligundua wawili peke yao. Wengine walielezwa na wenzao gizani, kwa haraka, kila mtu akimshika mwenziwe mkono.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Kwanza, tafuta nakala ya dakika 182 na uangalie muda ulioandikwa kabla hujaketi. Ukikuta pungufu ya hapo, iache. Pili, usiitazame kwenye simu. Fremu yake ina upana wa zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na kwenye kioo cha simu inakuwa utepe mwembamba ambamo nyuso zinafanana na yale mafuvu ya mbele huyaoni kabisa. Tafuta televisheni kubwa, au ukuta na shuka kama sisi. Pumzika baada ya sehemu ya kwanza, maana filamu yenyewe imegawanywa mara mbili na mwongozaji hakukusudia uvumilie kwa pumzi moja. Usiwe peke yako ikiwezekana. Kongwa hukosi walimu wenzako wawili watatu wenye Jumamosi iliyo wazi. Na uwe na karatasi. Andika kila jina linaloanza kusimulia na jina la anayemsikiliza, hata kama ni kwa mkato, kwa sababu waigizaji wengine utawaona katika hadithi ya mtu mmoja wakipita nyuma kama wapita njia, na saa moja baadaye watakuwa ndio wenye kisa.

Ukifika mwisho, van Worden atakuwa ameketi kwenye nyumba ya wageni, akiandika katika kile kitabu kikubwa. Ataambiwa kwamba mabinti wawili wanamngoja, atakitupa kitabu na kupanda farasi. Tazama kitabu kinaangukia wapi. Kisha, kabla hujazima, rudisha nyuma hadi dakika za mwanzo kabisa, uiangalie ile meza, halafu uniandikie ulichokiona.